Maji ya Unity: Kipindupindu kinapimwa, risasi haipimwi

MLIPUKO wa kipindupindu ambao serikali ya Sudan Kusini iliutangaza Oktoba 28, 2024, ulianzia Renk, mji wa mpakani unaopokea watu wanaokimbia vita vya Sudan. Kufikia katikati ya mwaka 2025, waliougua walikuwa wamepita 70,000 na waliokufa walikuwa zaidi ya 1,000. Jimbo la Unity, hasa kaunti ya Rubkona ulimo mji mkuu wa jimbo hilo, Bentiu, lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya zaidi.

Habari hizo ziliandikwa sana, na zilistahili kuandikwa. Hata hivyo, sisi tunaoishi Unity tunajua kwamba kipindupindu ni upande mmoja tu wa suala la maji. Upande wa pili haumwangushi mtu kwa siku moja. Hauna wodi yake hospitalini, hauna matangazo ya redio, na kwa hiyo hauna hesabu. Ni chumvi na madini mazito katika maji ya maeneo yanayochimbwa mafuta.

Hoja yangu ni kwamba pande hizi mbili hazitenganishiki. Wanaoshughulikia ule wa kwanza na kuufumbia macho wa pili wanajiongezea kazi wenyewe.

Tuanze na vijidudu. Unity ni jimbo la mashambani. Ukishatoka Bentiu na miji michache, habari ya bomba imekwisha. Watu huchota maji kwenye visima vya pampu ya mkono, kwenye mito, kwenye mabwawa ya kuchimbwa yanayoitwa hafir, na wakati wa mvua kwenye dimbwi lolote lililo karibu. Kwa mujibu wa takwimu za mwaka 2020 za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ni kama watu wanne tu kati ya kumi nchini Sudan Kusini waliokuwa na huduma ya msingi ya maji, na zaidi ya nusu ya wananchi walijisaidia vichakani. Mtu hahitaji digrii ya afya kujua mvua ya kwanza hupeleka wapi kilichoachwa vichakani.

Kisha mafuriko yakaja, na yakakataa kuondoka. Wakazi wa Dunga na Budalang'i wanaukumbuka mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipofurika na kuvunja rekodi ya mwaka 1964. Maji yale hayakuishia Jinja. Yalishuka na Nile, yakapitia Kyoga na Albert, na miezi kadhaa baadaye yakatufikia sisi kwenye kinamasi cha Sudd, ambako ardhi ni tambarare na udongo ni mfinyanzi mweusi usionywa maji. Juu ya hayo zikaja mvua zetu wenyewe, mwaka baada ya mwaka tangu 2019. Kufikia mwisho wa 2021 Bentiu ilikuwa kisiwa kilichozungukwa na tuta la udongo, na kambi ya wakimbizi wa ndani iliyo kando yake, yenye watu zaidi ya 100,000, ilikuwa chini ya usawa wa maji yaliyo nje ya tuta.

Choo cha shimo kikifunikwa na maji, kilichomo hutoka. Kisima cha pampu kikifunikwa, maji ya nje huingia kwa juu, kupitia nyufa za saruji. Kanuni ya kawaida kwamba choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani inakosa maana pale ambapo choo na kisima vyote vimo ndani ya ziwa moja. Ndiyo maana kabla ya kipindupindu tulipigwa na homa ya ini aina ya E, ambayo huenezwa na maji yenye kinyesi na ni hatari hasa kwa mama mjamzito aliyekaribia kujifungua. Machi 2022 chanjo ya ugonjwa huo ilitolewa Bentiu, na ilikuwa mara ya kwanza duniani kutumika kukabili mlipuko. Watu wetu wameingia katika vitabu vya tiba kwa sababu ya maji machafu.

Katika upande huu wa vijidudu, lazima niseme kwamba kazi inafanyika na inaonekana. Nafundisha sayansi, na vipimo vyake nimeviingiza darasani. Kipo kile cha chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa: mwanafunzi anajaza maji, anafunga, anaiacha siku moja hadi mbili. Karatasi ikigeuka nyeusi, kuna dalili ya bakteria wa kinyesi. Kwingineko wanahitaji mashine ya kuitia chupa joto. Bentiu mwezi wa Machi tunaiweka juu ya dawati tu. Kipo pia cha klorini, kidonge kinachogeuza maji kuwa rangi ya waridi ikiwa dawa bado ipo. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanayofika kwa mnywaji yawe na kati ya miligramu 0.2 na 0.5 za klorini kwa lita, na watoto wa darasa la saba wanajua kuisoma rangi hiyo kuliko baadhi ya wakubwa.

Na tuna ushahidi kwamba tukiamua tunaweza. Mwaka 2006 eneo hili, kabla halijawa nchi, lilikuwa na wagonjwa wa mnyoo wa Guinea zaidi ya 20,000. Ni mdudu anayeingia mwilini kwa maji ya dimbwi yenye viroboto maji, kisha mwaka mmoja baadaye anatoboa ngozi ya mguu kutoka. Hakuna dawa wala chanjo. Kilichofanyika ni kugawa vitambaa vya kuchujia, kuwapa wachungaji mirija ya chujio ya kuvaa shingoni, na kumhesabu kila mgonjwa, mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji. Mwaka 2023 nchi nzima iliripoti wagonjwa wawili. Vita vya Desemba 2013 vilipita katikati ya kazi hiyo na haikufa.

Sasa tuje kwenye chumvi.

Mafuta hayapandi peke yake kutoka ardhini. Hupanda pamoja na maji yaliyokaa huko chini tangu zamani, na kadiri kisima kinavyozeeka ndivyo maji yanavyozidi na mafuta yanavyopungua. Maji hayo huwa na chumvi nyingi, mabaki ya mafuta, na madini kama bariamu. Aidha, kabla ya kisima kutoa chochote, wachimbaji hutumia tope maalumu la kupoza na kulainisha keekee, na tope hilo hutiwa uzito kwa unga wa madini yenye bariamu. Utaratibu unaokubalika ni kuyarudisha maji hayo chini kabisa, yalikotoka, na kulizika tope katika shimo lililofunikwa kwa tandiko lisilovuja. Shimo likiachwa wazi, mvua hulijaza na kulimwaga. Njia ya kwenda kwenye kisima cha kijiji hapo ni fupi.

Uchimbaji huu si wa jana. Mafuta ya Unity yaligunduliwa miaka ya sabini, na yalianza kusafirishwa mwaka 1999 kupitia bomba la kilomita zipatazo 1,600 hadi Bahari ya Sham. Vita vya 2013 vilisimamisha kazi jimboni na visima na mashimo vikaachwa bila mwenyewe. Uzalishaji ulianza kurejea 2018 na 2019. Kabla haujatengemaa, mafuriko yakafika na kufunika sehemu za maeneo hayo hayo. Ng'ombe walipita humo, na watu walivua samaki humo. Nani anajua maji yale yalibeba nini na yakakiacha wapi? Ninavyofahamu, hakuna aliyechapisha jibu.

Utafiti uliopo ni mchache, na mwingi ulifadhiliwa na shirika moja la hisani la Ujerumani, Sign of Hope. Kazi yao ilianza na malalamiko ya wanakijiji karibu na Thar Jath kwamba maji ya visima yamekuwa hayanyweki. Mwaka 2014 wanajiolojia walichapisha matokeo kuhusu chumvi katika maji ya ardhini ya eneo hilo na kuihusisha na shughuli za mafuta. Mwaka 2017 jarida la kitaalamu la sayansi ya uchunguzi wa jinai lilichapisha vipimo vya nywele za watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali, zikiwemo Koch iliyo karibu na visima na Rumbek iliyo mbali. Watu wa karibu na mafuta walikutwa na risasi na bariamu kwa wingi. Risasi ndiyo inayonitisha zaidi kama mwalimu. Hushambulia ubongo unaokua, na mtoto aliyeathirika haonekani mgonjwa. Anaonekana mzito wa kujifunza. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho hakina rangi, harufu wala ladha.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Maji ya ardhini ya bonde letu yana chumvi yake ya asili katika sehemu nyingi, na si kila kisima chenye chumvi kimeharibiwa na mtu. Vilevile kuna visima vinavyotoa maji mekundu kwa sababu tu mabomba ya chuma yanaliwa na maji yenye asidi. Watu huvikimbia wakidhani ni sumu, kumbe ni kutu. Lakini ugumu huu wa kutofautisha ndio kiini cha malalamiko yangu. Kama vipimo vya kabla ya mafuta vingekuwepo na viko wazi kwa umma, leo tusingebishana. Kwa kuwa havipo, kila upande unabaki na maneno yake.

Nilisema pande hizi mbili hazitenganishiki. Karibu na shule ninayofundisha kuna visima viwili vya pampu. Kimoja kiko hatua chache tu, na maji yake ni safi kwa macho, karatasi yetu haigeuki nyeusi. Lakini yana chumvi kiasi kwamba chai haipikiki na maharage hayaivi. Cha pili kiko mbali, nusu saa kwa miguu, na foleni yake huanza kabla ya alfajiri. Mama mwenye watoto watano na mitungi miwili ya lita 20 anafanya hesabu yake. Hachagui kisima cha karibu, wala cha mbali. Anashuka kwenye kinamasi, dakika tano, maji matamu. Humo ndimo kilimo kipindupindu.

Wafanyakazi wa afya wanapokuja na kuwauliza wakina mama kwa nini wanachota kinamasini ilhali wana kisima, swali huulizwa kana kwamba ni ujinga. Si ujinga. Ulimi ndio kipimo pekee walichoachiwa. Shirika lililochimba kile kisima cha karibu lilipima maji siku ya kukabidhi, likaondoka na karatasi ya matokeo. Chifu hana nakala, shule haina, na kamati ya maji haina. Bango la wafadhili lingalipo.

Kwa hiyo kila kisima kinachoachwa kwa sababu ya chumvi humpeleka mtu kwenye vijidudu, na kila kampeni ya klorini inayopuuza chumvi inatia dawa kwenye maji ambayo watu hawatayanywa. Tena lipo jambo lisilosemwa wazi wakati wa milipuko. Klorini huua vijidudu tu, haiigusi risasi wala bariamu. Kuchemsha, ushauri tuliokuzwa nao sote, ni sahihi kabisa kwa kipindupindu, lakini kwa chumvi na madini kunaongeza ukali, kwani maji hupungua kwa mvuke na kilichomo hubaki. Siwaambii watu waache kuchemsha, la hasha. Nasema mwananchi anayechemsha akiambiwa kwamba sasa maji ni salama, ameambiwa nusu.

Kwa nini basi risasi haipimwi? Sababu inayotolewa ni dharura: huwezi kuzungumzia sumu ya miaka kumi wakati mtoto anakufa leo kwa kuhara. Hoja hiyo ina uzito, nami nimezika wanafunzi. Lakini timu inayofika kijijini kupima kinyesi imekwisha kulipia mashua, mafuta na siku ya kazi. Chupa moja zaidi haiizamishi mashua.

Sababu isiyotolewa ni kwamba majibu yana mwenyewe. Bakteria hawana kampuni. Risasi ikipatikana, mtu ataulizwa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2012 inataka tathmini za athari kwa mazingira, na Januari 2020, baada ya vyombo vya habari vya kimataifa kuripoti kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro katika maeneo ya mafuta, serikali ilitangaza zabuni ya ukaguzi wa mazingira. Mwaka huo huo shirika la kiraia lilipeleka kesi dhidi ya serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Hatua hizo zote ni za huko juu. Kule kisimani hakuna namba iliyoandikwa hata kwa chaki.

Fedha nazo si kisingizio kinachoaminika. Kwa mujibu wa sheria zetu, asilimia 2 ya mapato halisi ya mafuta ni ya majimbo yanayoyazalisha na asilimia 3 ni ya jamii zinazoishi huko. Kama sehemu ndogo ya fungu hilo inafika, ingetosha kununua vifaa vya kupimia. Kama haifiki, basi huo ni uchunguzi mwingine.

Msomaji wa Kenya anaweza kusema hayo ni ya jirani. Mimi nilisomea Kakuma, nikafanya KCPE na KCSE huko, na ndipo nilipojifunza Kiswahili ninachokiandika hapa, kwa hiyo naruhusiwa kuisemea Turkana kidogo. Mwaka 2013 dunia ilishangilia habari za hazina kubwa ya maji chini ya Lotikipi. Ilipopimwa baadaye maji yale yalikutwa na chumvi isiyonyweka. Ulikuwa uchungu mkubwa, ila ni uchungu wa mtu aliyepima na kusema. Mwaka mmoja kabla ya hapo mafuta yalikuwa yamegunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 huko huko Turkana. Malori yakaanza kuyapeleka Mombasa mwaka 2018, na shehena ya kwanza ikaondoka bandarini Agosti 2019. Uzalishaji mkubwa haukuanza wakati huo. Huo ndio muda ambao Unity tuliupoteza: muda wa kupima kila kisima cha wafugaji kuanzia Lokichar hadi Lokori na kuyaweka majibu hadharani, kabla ya keekee kuanza kazi kwa wingi. Ikija siku ya kubishana, Waturkana watakuwa na karatasi mkononi.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Jumuiya ina kiwango chake cha maji ya kunywa, EAS 12, kinachotaja risasi na bariamu pamoja na bakteria. Hatuhitaji kutunga kitu kipya. Kinachohitajika ni maabara itakayopokea chupa zetu, na amri kwamba matokeo yabandikwe pale pale kisimani, kwa Kinuer na kwa Kiarabu, si katika ripoti ya Juba.

Jambo hili lina haraka yake. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wameingia Sudan Kusini, wengi wao wananchi wetu waliokuwa wakiishi kaskazini, na Rubkona ni miongoni mwa kaunti walizorejea. Kila maji yanaporudi nyuma wakati wa kiangazi, ardhi mpya inaonekana na familia zinajenga juu yake. Wanajenga penye kisima. Hawana wa kumuuliza ni kisima gani kilikuwa kando ya shimo la tope.

Na kuhusu umbali, ambao ndio udhuru wa mwisho ninaousikia kutoka kwa maofisa, mwanafunzi wangu yeyote anaweza kuwajibu. Chupa ya kupimia bakteria lazima iwekwe kwenye baridi na ifike maabara ndani ya saa 24, la sivyo matokeo hayafai. Hiyo kweli ni shida katika jimbo lenye barabara zilizozama, na bado tunaipima kila siku. Chupa ya kupimia risasi hutiwa matone ya asidi ya nitriki na inaweza kukaa hadi miezi 6. Inaweza kutoka Koch kwa mtumbwi, ikapanda ndege ya mizigo Rubkona, ikasahauliwa Juba mezani kwa mtu wiki 8, kisha ikapelekwa Nairobi kwa basi, na jibu lake likawa lile lile ambalo lingepatikana siku ya kwanza.